Birika Nyuma ya Msikiti

Jumatatu, 4 Novemba
Kazi ileile. Picha za droni za Kilwa Kisiwani, kwetu, ukuta baada ya ukuta. Nachora ramani ya mji mkuu wa masultani nikiwa chumbani Wembley, blanketi miguuni. Hita imegoma tena. Dada Wanjiru, mwenye nyumba, yuko zamu hospitali. Leo sijasema na mtu ila dereva wa basi, naye hakuitikia.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimepata kitu. Umbo dogo jeupe nyuma ya gofu la msikiti, picha za Septemba. Chokaa tupu. Limenyooka na kibla kama msikiti wenyewe. Nimeandika: birika la kutawadhia, halimo kwenye ramani yoyote. Mkuu wa mradi kafurahi mpaka kanipigia mwenyewe.
Nilitaka kumwambia Bibi. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenitembeza kwenye magofu yale kabla sijajua kusoma. Nikapiga nyumbani. Mama kasema Bibi amelala, kama kila nikipiga miezi hii.

Jumapili, 10 Novemba
Mechi uwanjani, mtaa mzima unaimba. Nimepiga tena. Bibi amelala. Mchana kweupe, mtu aliyekuwa akituita wavivu tukijinyoosha tu mkekani. Mama alikuwa na haraka ya kukata simu. Nimekasirika. Wamenichoka?

Jumatano, 13 Novemba
Mkuu anataka birika liingie kwenye ramani ya mwisho, ila kwanza nilinganishe na picha za Machi. Nimelinganisha. Machi hapana kitu, majani tu. Birika la enzi za masultani haliwezi kuota ndani ya miezi michache.
Nikavuta picha karibu. Pembeni ni makaburi yetu. La Babu naliona, chokaa yake imeshaingia weusi. Lile jeupe limelala sambamba nalo, ubavuni. Wiki nzima nilikuwa natazama pale pale na sikuona. Nilikuwa natafuta masultani.
Naogopa kupiga simu.

Alhamisi, 14 Novemba
Nimempigia Mama. Hata shikamoo sikumpa. Nikamuuliza kaburi jipya karibu na Babu ni la nani. Kalia. Bibi alifariki Julai. Walikubaliana nyumba nzima nisiambiwe mpaka nirudi. Kwetu mtu aliye peke yake ugenini hapewi habari ya msiba kwa simu.
"Ungeanguka huko, mwanangu, nani angekushika?"
Sikuwa na jina la kumtajia. Hilo limeniuma kuliko yote. Nimewachukia, na najua mimi pia ningeficha.

Jumamosi, 16 Novemba
Dada Wanjiru kanikuta jikoni nimesimama na sufuria tupu. Nikamwambia. Hakuvua hata koti, kakaa nami mpaka chai ikapoa. Kisha wakampigia kutoka wodini, akaenda.

Ijumaa, 22 Novemba
Ramani imekwenda. Birika nimelifuta kwa mkono wangu. Nilimweleza mkuu kwamba ni kaburi la mwaka huu, akanishukuru kwa umakini. Sikusema la nani.
Mvua tangu alfajiri. Picha ya Septemba nimeibakiza kwenye kompyuta yangu. Asubuhi, kabla ya kazi, naifungua, Bibi namsomea Fatiha, naifunga. Halafu nateleka chai ya mtu mmoja.