Usimwambie Zainabu Atapata Mwingine

Ankara, Uturuki

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa kwenye cherehani yako pale barazani, mguu umeacha kukusumbua na miwani haijapotea tena. Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia. Baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno. Barua nimempa mwenzangu wa Kigoma anayerudi nyumbani, maana kwenye simu kila nikitaja jina la mke wangu Zainabu unaniambia mtandao unakatakata, na mtandao wa Tabora naujua, Mama, haukati kiasi hicho.

Mdogo wangu Hadija ameniambia yote. Kwamba siku ya kuanua tanga la mwanangu Rukia ulimwambia mke wangu anyamaze, yeye bado kijana, atapata mwingine. Kwamba ulizikusanya zile nguo ulizomshonea mtoto ukampelekea jirani aliyejifungua, na Zainabu alipotoka kuoga akakuta kamba tupu. Akafunga mzigo wake, akapanda treni kwenda kwao Goweko, na mpaka leo hapokei simu ya mtu, hata yangu.

Siandiki kukugombeza. Mimi nilikuwa mbali. Wewe ndiye uliyemwosha Rukia na kumvika sanda, Baba Mdogo ndiye aliyempokea kaburini, na mlikwisha kurudi nyumbani kabla mimi sijapata hata wa kumwomba ruhusa kazini. Nilimswalia swala ya ghaibu chumbani kwangu, peke yangu. Mtoto ambaye sikuwahi kumbeba, Mama. Nilimwona kwenye simu tu, akiwa ndiyo kwanza ameanza kucheka.

Nataka nikueleze ninachosomeshwa huku, kwa sababu ndicho kilichonifanya niishike kalamu. Kampuni iliyonichukua imetuweka darasani tujifunze makontena. Si yale ya bandarini. Unakumbuka ulivyomfungia Zainabu begi la kujifungulia: beseni, kanga, mpira wa kutandika, wembe, pamba, hadi uzi wa kufungia kitovu, ili hospitali yoyote atakayofikishwa asiambiwe kimepungua kitu. Programu ya kompyuta nayo hufungashwa hivyo hivyo, pamoja na kila inachohitaji, ili popote itakapopelekwa ifanye kazi bila kuazima cha jirani. Hilo ndilo kontena. Nalo hutolewa kwenye kiolezo, kama wewe unavyokata magauni kwa karatasi moja. Ukitaka matatu unakata matatu, yote sawasawa.

Mwalimu wetu ni mama wa makamo, mpole, hutuletea chai mwenyewe. Nilirudi darasani baada ya msiba nikakuta wameanza mazoezi, kila mtu aanzishe kontena lake. Usipolipatia jina, kompyuta yenyewe hulibandika jina lolote la ovyo. Mimi nililiita Rukia. Sikupanga, vidole viliandika tu. Basi likawa linaugua, linawaka na kuzimika, linawaka na kuzimika. Wenzangu yaliyoharibika waliyafuta wakaanzisha mengine. Mimi nikaingia ndani ya langu nikawa nalihangaikia, nabadilisha hiki, naongeza kile, hata chakula cha mchana sikwenda. Mwalimu akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

“Athumani, kontena halitibiwi,” akasema. “Hayo unayoyarekebisha humo ndani yatapotea likifutwa. Rekebisha kiolezo, hilo lifute, uanzishe jingine.”

“Nipe muda kidogo, Mwalimu. Naona limeanza kupata nafuu.”

Akacheka, bila ubaya. “Usilihurumie. Jingine litakuwa lile lile.”

Na anasema kweli, ndiyo misingi ya kazi yenyewe. Asiyekubali kufuta hawezi kazi hii. Nikarekebisha kiolezo, nikaandika amri ya kufuta, nikakaa nikiitazama, kisha nikabonyeza. Nikaanzisha jingine kwa jina lile lile. Likafanya kazi vizuri mno, wenzangu wakanipongeza, hakuna aliyeona tofauti. Niliaga kwamba naenda msalani, na huko nililia kilio ambacho sikukilia siku mliponipigia simu.

Mama, kuna jambo ninalolijua ambalo hukuniambia wewe. Aliniambia Baba, Mungu amrehemu, siku zile nikimuuguza. Kwamba kabla yangu alikuwepo Athumani mwingine, surua ikamchukua akiwa ameanza kutembea. Kwamba Bibi alikwambia unyamaze, utapata mwingine. Ukanyamaza, ukanipata mimi, ukanipa jina lake kama wengi wafanyavyo kwetu. Baba alisema hakukusikia ukimtaja tena. Sasa naelewa jambo nililoliona utotoni nikaogopa kuliuliza. Ulikuwa ukiniita, nami nikija mbio unanitazama kitambo kabla ya kusema ulichoniitia. Nilidhani nimekosea, au uso wangu una uchafu.

Zainabu umemwambia ulichoambiwa wewe, kwa kuwa hakuna aliyekuambia kingine. Sikulaumu kwa hilo, lakini linaniuma. Nakuomba upande treni uende Goweko. Usitume mtu, wala usiende kusuluhisha. Mama yake atakuamkia kwa Kinyamwezi na kukuonyesha njia ya shamba la tumbaku. Najua mke wangu yuko huko, akiwa na huzuni hutafuta kazi ngumu. Kaa naye. Hata asipokujibu salamu, kaa. Na Mungu akitujalia mtoto siku nyingine, asiitwe Rukia. Jina lile lina mwenyewe.

Nisalimie Hadija, na asiache shule kwa ajili ya kukusaidia kushona. Nisalimie Baba Mdogo, umwambie namshukuru kwa mikono yake, siku nikirudi nitamwomba anionyeshe kaburi. Msalimie Mjomba fundi seremala na shangazi zangu wa Puge. Na yule jirani aliyepewa nguo, msalimie pia, asizirudishe. Mtoto wake hana kosa.

Sasa nakuuliza lile ambalo kwenye simu ulimi ungenikatika. Niliposhika nafasi ya yule Athumani wa kwanza, Mama, ulipona? Kama ulipona, baki nyumbani, nami nitamwandikia Zainabu kwamba ulimwambia kweli. Kama hukupona, nenda ukamsimulie habari za Athumani, alivyokuwa akicheka, alichopenda kula, hatua zake za mwanzo zilimfikisha wapi. Mimi umenizoea nikijiita kifungua mimba wako. Leo niruhusu nitie sahihi kwa haki.

Ni mimi, mwanao wa pili,
Athumani