Kikombe cha Pembe na Ukucha Wako

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu karakana yako ya mizani ikose mtu wa kuimba kwa sauti mbaya. Mizani ya wenye maduka bado inaletwa. Mwanao mkubwa anaitengeneza, na wateja wanasema kazi ni ile ile ila utani umepungua. Tumemwambia ajitahidi.

Hatujasahau ulivyotundika koti lako nyuma ya mlango, mfuko mmoja ukiwa umejaa skrubu, mwingine njugu za kugawia watoto, na siku ulizochanganya mifuko. Hatujasahau kijiko chako cha sukari. Ulikigonga ubavuni kwa ukucha, ko, ko, ko, sukari ikatulia, kisha ukapitisha kidole juu kuisawazisha. Mama alikwambia unaipima chai kama dawa, mwisho inapoa. Ulimjibu kwamba chai haina haraka, mwenye haraka ni yeye.

Ulikuwa mtu wa kucheka, ingawa dunia haikukubembeleza. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu; wewe ulifunzwa na gobore. Ujanani uliushindilia mtutu baruti kama mtu anayejaza gunia la mkaa, ukafyatua, ukajikuta umekaa matopeni, bega limevimba, nyusi zimeungua. Ulisimulia kisa hicho kwa kila mgeni, na kila mara matope yaliongezeka kina.

Ndipo ukalipenda gobore dogo, lenye tundu lisilopitisha hata kidole cha mtoto. "Dogo halitaki makuu," ulisema, ukalitafutia kipimo chake kwa subira ambayo hatukuwahi kuiona ukisubiri chakula. Ulianza na baruti kidogo, risasi chache kwenye karatasi, ukiufuta mtutu kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya mlio. Kisha ukaongeza kiduchu, ukatazama. Matundu yakisogeleana kama kuku walioona mtama, ulitabasamu. Yalipoanza kutawanyika tena, ulirudi nyuma kidogo ukasema, "Hapa ndipo liliposhiba." Ukaikata ncha ya pembe ya mbuzi, ukaichimba ikawa kikombe cha kuchukua kiasi hicho na si zaidi. Fundi wa mizani mzima, na kipimo chako hakikuwa na namba hata moja.

Ukaacha neno, nasi tukalishika: gobore litakuwa la kitindamimba wako siku yako ya kumbukumbu, mradi matundu ya risasi zake tano karatasini yafunikwe na kisahani cha chai. Apewe karatasi tatu. Akishindwa, limwendee Baba Mdogo, mdogo wako tunayemwita Bomu, na sote tunajua jina hilo hakulipata kwa upole. Mikononi mwake mtutu ule mwembamba usingemaliza msimu.

Basi asubuhi ya kumbukumbu, baada ya sala, tulikwenda kiwanja cha shabaha. Kitindamimba alijaza kikombe chako cha pembe, akashindilia, akalenga vizuri kama ulivyomfunza. Matundu yakatawanyika kama ndugu waliogombania shamba. Karatasi ya pili nayo hivyo hivyo. Baba Mdogo, ambaye tayari alikuwa ametuambia msumari wa kulitundika gobore keshaupigilia, alisema baruti haitoshi, gobore lipewe mara mbili yake. Kitindamimba akakataa, lakini hakujua alipokosea. Miaka yote kazi yake ilikuwa kubandika karatasi na kulowesha vitambaa. Ulipokuwa ukichota, yeye alikuwa amekupa mgongo.

Mama alikuwa kwenye benchi, pamba masikioni, akiwatazama kama mtu anayetazama wapishi wabaya. Akatoa pamba ya sikio moja.

"Mbona hugongi?"

"Nigonge nini, Mama?"

"Hicho kikombe. Nimeishi na yule mtu, sijamwona akichota kitu bila kukigonga. Sukari, chumvi, sabuni ya unga. Sasa baruti ndiyo angeionea haya?"

Kitindamimba alijaza kikombe. Akakigonga ubavuni kwa ukucha, ko, ko, ko. Baruti ikatulia, ikashuka, juu pakabaki nafasi ya kiduchu. Akaijaza nafasi hiyo, akagonga tena, akapitisha kidole. Sote tulikuwa tumeisikia ile sauti mara ya mwisho jikoni.

Alifyatua kwenye karatasi ya tatu, akafuta, akashindilia, mpaka risasi ya tano. Baba Mdogo mwenyewe ndiye aliyekwenda na kisahani, maana alisema sisi hatuaminiki. Akakiweka. Tundu moja likachungulia pembeni. Akalitazama kwa muda, akatutazama sisi, kisha akakisukuma kisahani kwa dole gumba, polepole, hadi matundu yote yakalala chini yake.

"Zimefunikwa," alisema. "Ila nami nilisema baruti haitoshi."

"Ulisema mara mbili yake, shemeji," Mama alimjibu. "Ilipungua ukucha tu."

Gobore liko kwa kitindamimba, Baba, limesuguliwa na kupakwa mafuta. Msumari wa Baba Mdogo umetundikwa kofia yake, na kofia, kwa bahati nzuri, haijazwi baruti. Mama hunywa chai yako sasa. Hugonga kijiko kabla ya kumimina sukari, na ukimuuliza atakwambia ni mkono tu umezoea.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado ana haraka. Mwanao mkubwa wa karakana na mkewe. Kitindamimba wako mwenye shabaha. Mdogo wako Bomu, mwenye nyusi zake zote hadi leo. Wajukuu zako, wanaotafuta njugu katika koti ambalo hadi leo halijatunguliwa. Na wenye maduka ambao mizani yao haijawahi kudanganya tangu uishike.

Pumzika, Baba. Daima tutakukumbuka, kila tuchotapo, kila tugongapo.