Mtamba wa Mwenye Mkate

Shangazi Eufrasia, shikamoo. Nakuomba usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua hii, na kama utacheka basi cheka halafu unisaidie, kwa maana nimebanwa na siku zinakwenda.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, fundi wa kuchomelea hapa Bariadi mjini, natengeneza mageti na madirisha, na msimu wa kulima ukikaribia narekebisha plau za ng'ombe, na jina langu naomba usilitaje kwa sababu wateja wangu wengi ni wafugaji na gazeti hili wanalisoma palepale kibandani wakisubiri kazi zao, na mke wangu nitamwita Felisita ingawa siyo jina lake, yeye ni muuguzi, anatoka kazini saa kumi jioni, na sasa nakwambia jambo ambalo halijawahi kutoka nje ya mlango wangu: nyumbani kwetu anayeoka mikate ni mimi.

Sikupanga, Shangazi. Dada yake Felisita alihamia Dodoma akatuachia jiko la gesi la kusimama, lile lenye majiko manne juu na oveni chini, Felisita akajaribu kuoka mara mbili na mara zote mkate ukaungua chini ukabaki mbichi katikati, akasusa, oveni akaigeuza kabati la masufuria, na mimi iliniuma kuona kitu cha moto kinafuga masufuria, kwa hiyo siku moja nikiwa peke yangu nikaifungua, nikakuta tundu la kupitishia gesi limeziba kwa masizi ndiyo maana moto ulikuwa wa njano, nikalizibua kwa waya, moto ukatoka wa bluu safi, nikakata kipande cha bati zito nikakilaza kwenye reli ya chini ili moto usiipige trei moja kwa moja, na fundi akishatengeneza kitu lazima akijaribu, sasa oveni utaijaribu na nini, nikakanda unga.

Mkate wa kwanza uliumuka. Sijui nikueleze vipi. Nilikaa sakafuni nikauangalia kwenye kioo cha mlango unavyopanda, nikajikuta natabasamu peke yangu kama mjinga, na tangu hapo kila Jumatano na Jumamosi saa nane mchana nafunga kibanda, nawaambia watu nimefuata vyuma, nakwenda kuoka.

Sasa tatizo ni baba. Mama yangu, Milembe, alifariki mwaka jana, tukamchukua baba kutoka Kiloleli aje akae kwetu, ng'ombe wake wachache tukampa binamu yangu Mayala mwenye zizi pembezoni mwa mji, na kila mchana baba anakwenda kuwaangalia halafu anarudi jioni. Lakini tangu msiba alikuwa hali chakula. Ugali anamega tonge mbili anasukuma sahani, meno yenyewe yamebaki machache, mkanda wake alishautoboa matundu mawili mapya kwa ndani, hospitali wakasema hana ugonjwa ila ale, nasi tunajua ale, tufanye nini? Ndipo nikaoka skonzi laini za maziwa mgando, na nikachanganya unga kidogo wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, nilitwanga mwenyewe nikachekecha, kwa sababu tulipokuwa wadogo mama alikuwa anatutilia michembe kwenye uji, na baba akala moja, akala ya pili, akashika ya tatu akaigeuzageuza, akaniuliza, "Ng'wanone, mwanangu, mkate huu kapika nani?" Mimi nikajibu haraka, "Mkamwana wako." Uongo wenyewe ulianzia hapo.

Utaniuliza kwa nini. Nilipokuwa na miaka tisa baba alinikuta jikoni nimekaa na mama nageuza viazi, akanishika sikio akanipeleka mpaka zizini mbele ya kaka zangu, akasema, "Mwanaume mahali pake ni hapa, nikikukuta jikoni tena nitakuvalisha kanga ya mama yako," na kaka zangu walinicheka msimu mzima. Shangazi, mimi ni baba wa watoto watatu, na nikiwasha ile oveni sikio bado linawaka. Ndiyo maana kabla ya kuoka nafunga dirisha la jikoni, nafunga mlango, nasukumia tambara chini ya mlango ili harufu isiwafikie majirani.

Lakini baba anakula! Tundu moja la mkanda amelirudisha nje. Tena katika mambo mengine yote baba anamwita Felisita mkamwana, lakini kwa habari ya mkate anasema "mwenye mkate". Akitoka kwa ng'ombe ananiuliza, "Mwenye mkate leo yupo?" nami namjibu yuko kazini, anacheka, anasema haya. Jumatano iliyopita aliwahi kurudi, akakuta skonzi mezani zinafuka mvuke na Felisita ndiyo kwanza anaingia getini na sare yake ya kazi, nikasema alizioka asubuhi kabla hajatoka, baba akasema, "Kumbe," akachukua moja akawa anaipuliza ipoe. Na wiki moja kabla ya hapo reli ya oveni iliniunguza mkono, ukabaki mstari mwekundu, baba akauliza, nikasema ni cheche za kazini, akasema, "Cheche zinachoma vidoti," halafu akaenda chumbani akaleta samli akanipaka yeye mwenyewe. Sikumbuki baba kunipaka kitu chochote katika maisha yangu.

Juzi tumetoka kanisani akatuita, akasema Jumamosi ya wiki ijayo Mayala ataleta mtamba, yule ng'ombe wa kijivu ambaye bado hajazaa, ambaye mama yake ndiye aliyekuwa akikamuliwa na marehemu mama, na kwamba anampa mwenye mkate mbele ya ndugu, na mwenye mkate apokee kamba kwa mikono yake mwenyewe. Tulipofika chumbani Felisita akaniambia, "Mimi siwezi kupokea ng'ombe kwa mkate ambao hata chumvi yake siijui. Usiposema wewe nitasema mimi, palepale mbele ya ng'ombe."

Shangazi, aibu nitaivumilia. Ninachoogopa ni sahani. Baba akijua anayemlisha ni yule mtoto aliyemtoa jikoni kwa sikio, atausukuma huo mkate kama alivyosukuma ugali, na safari hii hana tundu jingine la kutoboa. Mama nimeshamzika. Je, nimbembeleze Felisita apokee kamba siku hiyo moja tu, baba aendelee kula, au nifanyeje?

Fundi, Bariadi.

*

Marahaba, Fundi. Umeniomba nisicheke nami nimecheka, pale kwenye "Kumbe" nikaweka karatasi chini. Halafu nikairudia barua yako kuanzia juu na mara ya pili sikucheka, nilitafuta leso.

Lakini kabla ya baba na kabla ya ng'ombe tuanze na dirisha, kwa sababu hapo umenitia hasira kweli. Wewe ni fundi. Gesi unaifahamu kuliko mimi. Akija kijana kibandani kwako akakwambia nataka kuchomelea ndani ya chumba kilichofungwa na tambara chini ya mlango, utampa kazi au utampa kofi? Na wewe mwenyewe unajifungia na mtungi na moto saa nzima kwa kuogopa jirani asisikie harufu ya skonzi! Watoto watatu hao unataka walelewe na nani? Leo hii, ukimaliza kusoma, lichukue hilo tambara ukafutie pikipiki. Dirisha liwe wazi kila unapowasha, harufu ikifika Maswa ifike.

Jina lako sijalitaja kama ulivyoomba. Ila sidhani kama Bariadi nzima kuna mafundi wawili wa kuchomelea wanaofunga kibanda Jumatano saa nane kufuata vyuma na kurudi wananukia hamira. Wateja wako hawajakuuliza kwa sababu plau zao zinapona. Mwanaume anayeoka hawashughulishi kama unavyodhani.

Sasa tuje kwa mzee. Fundi, wewe una macho ya kuona tundu la gesi lililoziba, lakini barua yako mwenyewe hukuisoma. Kwa ulivyoniandikia, baba yako ni mtu wa ng'ombe maisha yake yote. Mtu huyo akipita katikati ya kundi la ng'ombe wa watu wengine anamjua ng'ombe wake kwa kovu la bega. Ukamwonyesha mstari wa reli mkononi ukamwambia ni cheche, naye akakujibu waziwazi kwamba cheche hazichomi hivyo. Akaleta samli. Skonzi zinafuka mvuke, mkeo hajavua hata viatu, unamwambia zimeokwa asubuhi, na mzee anaipuliza ili isimuunguze ulimi, maskini, kwa heshima ya uongo wako! Na michembe je? Felisita uji wa mama yako aliunywea wapi? Aliyeunywa ni wewe.

Na hilo neno lake umeliandika mara ngapi bila kulisikia? Mkeo ana jina kwa mzee, ni mkamwana, kwa kila jambo isipokuwa moja. Anakutazama wewe usoni anakuuliza, "Mwenye mkate leo yupo?" na wewe uliyesimama mbele yake unajibu yuko kazini. Ndiyo maana anacheka. Hata mimi ningecheka.

Nani hapo bado hajui? Naona ni wewe peke yako.

Utasema, kama anajua mbona hasemi. Aseme nini, Fundi? Aseme, mwanangu, lile sikio nililokushika zizini nilikosea? Baba wa Kisukuma wa umri wake? Wazee wetu wengi neno "nisamehe" halipiti kooni, wanaleta ng'ombe. Na angalia ameleta ng'ombe yupi: wa uzao wa yule aliyekamuliwa na mama yako, mama uliyekuwa umekaa naye jikoni siku ile. Mtamba huyo anakuja kusema maneno ambayo mzee amebeba miaka thelathini na zaidi, na wewe unataka mkeo ndiye ayapokee?

Kwa hiyo Felisita usimbembeleze. Mwombe radhi. Umemvisha sifa zisizo zake kwa miezi, umemfanya ashukuriwe kwa mkate asioujua chumvi, na bado hakukuumbua, amekupa nafasi useme mwenyewe. Wanawake wa namna hiyo hawapatikani hovyo, na leo jioni mwambie hivyo, kwa mdomo, siyo kwa skonzi.

Jumamosi hiyo fanya hivi. Mwambie Mayala na ndugu waje saa sita mchana. Asubuhi mzee asiende kwa ng'ombe, kwani ng'ombe wanakuja kwake. Chukua kiti chake ukiweke jikoni. Ndiyo, jikoni, karibu na dirisha lililo wazi. Atasita mlangoni, mwache asite. Akishakaa, washa oveni mbele yake na umwambie neno moja: "Baba, mwenye mkate ni mimi." Halafu funga mdomo. Usianze kumweleza kwamba Felisita ana kazi nyingi, kwamba dada alihama, kwamba ulikuwa unajaribu tundu la gesi. Kanda unga wako. Mpe ungo wa michembe akuchagulie mibovu, mikono ya mzee isikae bure. Akitaka kunyamaza, mnyamaze wote wawili. Muda wa unga kuumuka unatosha mzee kutafuta la kusema, na asipolipata pia sawa.

Inawezekana nimekosea. Mimi nasoma barua tu, sijamwona mzee wako. Kama nimekosea, huenda akainuka akaenda zake zizini kwa hasira. Usimfuate kumbembeleza wala usiache kuoka. Zifunike skonzi kwa kitambaa, ziweke mahali pake pale mezani, na Jumatano saa nane uoke tena, dirisha wazi. Mwanaume aliyerudisha tundu la mkanda kwa mkate wako hatashindwa kuvuta kiti. Lakini sidhani kama nimekosea.

Unaogopa akijua ataacha kula. Fundi, baba yako amejua siku nyingi, na siku zote hizo amekuwa akila.

Basi Jumamosi ndugu wakishakaa na mtamba wa mama yako akasimama pale uani, mzee atanyoosha kamba na kumwita mwenye mkate. Usitazame pembeni kumtafuta mtu mwingine. Kunja shati mpaka kwenye kiwiko, utoe mkono ule wenye mstari, uishike.