Njia Inapokata Mfereji

Baba yangu, shikamoo. Natumaini wote mko wazima na ukungu wa Shume haujakurudishia kile kikohozi. Huku Dar es Salaam mimi na Shangazi hatujambo, ila joto bado sijalizoea.

Najua unangoja jibu langu kuhusu chuo cha uuguzi. Kwanza nikueleze jambo.

Juzi nilikuwa napukuchua njegere, Shangazi akiandaa somo lake la fizikia. Nikamwuliza anaandika nini. Akasema ni hesabu za ile nguvu inayoshikilia kiini cha atomu.

"Tatizo, mwanangu, jambo moja linaandikika kwa namna zisizo na mwisho. Basi tunaweka sharti la kuchagua namna moja tu. Kwa umeme linatosha. Kwa nguvu hii, sharti linanasa nakala mbili, tatu za kitu kilekile."

Nikamsimulia siku ya kuzibua mfereji kule kwetu, uliposema, "Tukutane njia inapokata mfereji." Njia yetu inapinda, inaukata mara mbili. Nusu ya watu wakakaa juu, nusu chini, kila upande ukiwaita wenzao wavivu hadi mchana. Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi.

"Ndiyo hiyohiyo. Njia ni zile namna za kuandika, mfereji ni sharti letu. Karibu na unapoanzia njia inakata mara moja tu, huoni kosa. Ukienda mbali ndipo unapoliona."

"Si muweke sharti jingine?"

"Imethibitishwa kwamba hakuna sharti la namna hiyo litakalokata kila njia mara moja tu. Wengine wakazungushia uzio pale pa kuanzia, wahesabu vya ndani tu. Hata ndani ya uzio nakala zikakutwa."

Baba, mikono ilisimama kwenye njegere. Nguvu hiyo imo ndani ya kila jiwe la milima yetu na ndani ya mifupa yetu, na bado hakuna anayejua kuihesabu yote. Mimi, ambaye sikuwahi kunyoosha mkono darasani, niliuliza maswali mpaka wali ukaungua.

Naomba nisome fizikia. Ana kwa ana nitashindwa kusema, unanijua. Nakuja mwisho wa mwezi. Ukiwa umekubali, nisubiri kwenye kivuko cha juu cha mfereji. Nitakuona tangu barabarani. Ukiwa hujakubali, kaa cha chini, nami nitakuamkia vilevile.

Msalimie Mama, na Bibi anayeniombea. Kaka mwambie asije akasimama katikati ya vivuko kunitania.

Binti yako,
Upendo