Mama wa Jukwaani

Kijijini, njia ya Ikungi,
Singida.
20 Novemba 1975

Kwako kaka yangu Nathanaeli,

Shikamoo kaka. Habari za Dar es Salaam na joto lake? Shemeji hajambo? Na watoto, wale wasionijua, wanaendeleaje na masomo? Mimi mdogo wako nipo, napumua, ila miguu inauma kwa kulima, na mvua yenyewe imenyesha mara mbili tu ikanyamaza. Barua yako ya tarehe nane nimeipata dukani kwa Kanti. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kwa vile bahasha ilikuwa ya Benki Kuu. Kumbe bado unazo bahasha zao, kaka? Haya.

Mwandiko huu mbaya ni wangu mwenyewe. Zamani nilikuwa nikiandikiwa na mwalimu, naye alikuwa akiyapamba maneno yangu mpaka nayakataa. Mwaka huu nimemaliza kisomo cha watu wazima, cheti ninacho, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza. Nitakayokueleza humu sikutaka yapite masikioni mwa mwalimu.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, ni nani aliyewalipa wanawake wakucheke kwenye mkutano wa mwisho pale Singida Mjini. La pili, ambalo umelibana chini kabisa karibu na sahihi yako, mama anaendeleaje. Yote nitakujibu, ila nianzie nyuma kidogo, na unisikilize, maana kunisikiliza hujawahi.

Baba aliuza ng'ombe saba ili usome Tabora. Mama alikusindikiza kwa miguu hadi Itigi, siku tatu, amekubebea unga na asali. Ulipopanda treni hukugeuka kumtazama. Aliporudi alituambia ulitaka kugeuka, ila moshi ulikuzuia. Kisha ukaenda Makerere, ukaenda Uingereza, ukarudi ukakaa Hazina, na Benki Kuu ilipofunguliwa wewe ukawa gavana, miaka tisa mfululizo. Mama alikuwa akiomba watoto wa shule wamshike kidole wakiweke juu ya sahihi yako kwenye noti, kwa kuwa macho yalikuwa yameshafunikwa na mtoto wa jicho. Watu wakamtania kwa jina la Mama Noti. Alilipenda hilo jina, mwenzangu, usifanye mchezo.

Mwaka jana mgambo walikuja kutuhamishia huku barabarani. Mama aliketi mlangoni akawaambia mwanawe ndiye anayeandika jina kwenye pesa wanazolipwa. Walicheka, wakambeba na kigoda chake wakamweka juu ya lori, halafu wakabomoa tembe la baba. Nilikupelekea barua. Jibu lilikuja limepigwa taipu na karani wako, kwamba Gavana amepokea barua yenu na anawatakia utekelezaji mwema wa siasa ya vijiji. Mama alimwomba mwalimu airudie mara tatu, akitafuta mahali ulipomsalimia. Mwishoni mwalimu aliona haya akatunga salamu za kwake.

Basi Julai ukatokea mwenyewe. Umeacha benki, unataka ubunge. Mama alilia kwa furaha siku nzima. Mimi nilifurahi pia, sikatai. Nilichinja yule jogoo mwekundu.

Lakini watu walikuwa wakinong'ona kwamba wewe si wa hapa tena, Kinyaturu umesahau, hata ugali unakula kwa uma. Kwenye mikutano kusema kikabila ni marufuku, sasa ungewaonyeshaje kwamba wewe ni wa kwetu? Ukampandisha mama jukwaani. Mgombea mwenzako Melkizedeki, yule bwana shamba, alilalamika kwa wasimamizi wa chama, wakamjibu kwamba hakuna kanuni inayomkataza mama kukaa kwenye kiti. Kwa hiyo mama akawa anakaa. Kila kijiji, jua la saa saba, vumbi la Landrova, kizee wa miaka zaidi ya sabini ambaye haoni hata anaoneshwa kwa nani. Ulikuwa ukimshika mkono, ukiwaambia watu huyu ndiye aliyekuzaa, kisha unauachia na kuendelea na mambo ya uchumi.

Kwenye mkutano wa tisa alianguka. Ulimpa vidonge viwili vya aspro na chupa ya soda. Nilikufuata nyuma ya gari nikakuomba umwache apumzike, nawe ukaniambia bado mitano tu, nisilete mambo ya kijijini. Alikwenda minne. Huo wa tano ulikuwa ni ule wa Singida Mjini, Jumamosi, siku moja kabla ya kura.

Alhamisi kabla ya hapo mama hakuinuka tena. Pumzi zilikuwa fupi fupi, na alichosema kilikuwa kimoja, kwamba anataka uje. Si gavana, si mgombea, aje Nathanaeli akae naye. Nilimtuma Petro, dereva wa chama, akuambie. Majibu yako aliyarudisha Ijumaa: utakuja baada ya kura, ila kesho mama asikose, nimfunge vizuri kwa blanketi. Na blanketi lenyewe ulilituma, jipya, la kijivu.

Kaka, hasira niliyoipata siku ile nikikwambia ni ndogo nitakuwa mwongo. Nilitaka kulichoma lile blanketi.

Jumamosi Petro alipokuja kumchukua mama, nilikwenda kwa jirani yetu Mama Gasto, yule mjane ambaye mlikutana naye jikoni kwangu ukamwamkia. Nikamvika khanga za mama, nikamfunga blanketi lako mpaka kidevuni, nikampakia. Petro alimtazama miguu, akanitazama mimi, akawasha gari.

Ndiyo. Ni mimi niliyefanya hivyo. Wala sikulipwa na mtu, na Melkizedeki hakujua lolote. Usiwatafute wengine.

Lakini shida yangu haikuwa kukuaibisha, nakuapia kwa kaburi la baba. Nilijisemea moyoni, akimwangalia mara moja tu ataona si mama. Ataogopa, ataruka kwenye gari, atakuja mbio. Mama Gasto nilimfundisha neno la kukujibu ukimwuliza: mama anakuita, nenda sasa hivi. Alilirudia njia nzima asije akalisahau.

Hukumwuliza. Ulimshika mkono mbele ya umati ule, ukasema kwenye kipaza sauti kwamba huyu ndiye aliyekuzaa na kukunyonyesha. Wanawake wa kijiji chetu walikuwa mstari wa mbele. Loo! Walijibana, walijikaza, wapi. Kicheko kikaanza kwao, na wa nyuma walipouliza kuna nini wakaambiwa, kikaenda hivyo mpaka sokoni. Nasikia wewe ulidhani wanacheka Kiswahili chako. Mama Gasto anasema alikuvuta mkono wa koti mara mbili. Ulimpigapiga begani ukamwambia avumilie mama, bado kidogo. Kesho yake jembe, alama ya Melkizedeki, likaishinda nyumba yako kwa kura mia mbili na kitu, na sasa unajua kwa nini.

Swali la pili. Mama amefariki, kaka. Alifariki Jumamosi ile ile jioni, tukamzika Jumapili, watu wakitoka kupiga kura wanakuja makaburini na wino kidoleni. Mjini sikukutumia mtu, wala baadaye Dar sikutuma telegramu. Nilijua ungerudi, na ungekuja na kipaza sauti. Jumatatu ulipotangaziwa matokeo ukaondoka, gari lako lilipita hapa hapa barabarani, tukiwa tumekaa matanga nje. Uliona watu wengi, ukatupungia mkono. Watoto walikupungia pia.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, mengine ungeyasikia kwa watu. Padre nimeshamwungamia. Hakuniambia nikuungamie na wewe, hapo nimeongeza mwenyewe.

Mama Gasto aliporudi kutoka mjini kwenye saa kumi na moja, mama alisikia gari. Akauliza kama umefika. Nilitoka nje nikakutafuta ndani ya lile gari kwa macho yangu, kama mwehu, hata baada ya kuambiwa haumo. Nikarudi ndani, naye akauliza tena. Nifanye nini? Nilimwita Gasto. Alikuwa akifyatua matofali nyuma ya nyumba, akanawa mikono upesi upesi, akaja. Nikamwambia mama, huyu hapa Nathanaeli.

Gasto alipiga magoti akamwamkia kwa Kinyaturu. Mama alishtuka. Akasema alikuwa ameambiwa lugha umeisahau, kumbe watu ni waongo. Akamshika mikono, akaipapasa vidole vyote, akacheka na pumzi zake hizo hizo fupi. Alisema mikono imekuwa migumu, mwanangu, na yeye siku zote alidhani kazi ya benki ni ya kukaa. Gasto akamwambia ni ngumu, mama. Akamwomba na radhi kwa kuchelewa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeziba mdomo kwa khanga.

Mama akamtemea mate ya baraka viganjani, zile baraka za mtoto wa kwanza ambazo mzazi hatoi mara mbili. Halafu akamvuta sikio karibu, akamnong'oneza kwa muda mrefu, muda mrefu kabisa. Hakumaliza. Yaani alinyamaza tukadhani anatafuta neno.

Nimemwuliza Gasto mama alisema nini. Mama yake amemwuliza. Padre amemwuliza. Anakataa. Anasema maneno yale hayakuwa yake wala yetu, alipewa ayafikishe kwa mwenyewe, mdomo kwa sikio. Kuandika hajui, na kuandikiwa hataki. Na ni ya Kinyaturu, kaka, kwa hiyo utakapokuja itakubidi ukae naye siku kadhaa, akufundishe kwanza.

Naishia hapa, mkono haujazoea. Kanti na mkewe Urmila wanatoa pole, walifunga duka siku ya mazishi. Shemeji nisalimie sana, na watoto waambie wana shangazi huku. Blanketi lako nimelifua, lipo, utalikuta.

Ni mimi mdogo wako,
Theodora