Haikuwa Hasira Yako

Baba Numbi,

Banasema ni weye njo unachemusha motere ya kamionete yetu. Balisema vile hapa mu nyumba yako, Bel-Air, beko banakaa ku kiti yako, banakunywa mu kikopo yako. Nilingoja kelele ipungue njo nikuandikie. Nilitaka usikie kwangu miye bibi yako ginsi ilipita.

Kwanza batoto. Numbi iko anasoma, na sasa anapika bukari ya unga ya mahindi yenye muntu anaweza kula. Mudogo yake, kila gari ikisimama mu barabara, anauliza kama ni weye. Ninamuambia hapana. Ninamuambia hapana kila mara, na kila mara inanikata.

Ndugu yako mukubwa, Yaya Kasongo, alitoka ku Mitwaba kuya ku kilio yako. Alilia sana, alilia kweli, siwezi kumunyima ile. Lakini kilio ilipoisha alivaa koti yake ya abakosti, akaita bantu ya jamaa, akasema kamionete inarudia ku jamaa. Na miye pia nirudie ku jamaa, kwa ndugu yenu mudogo, anioe. Gari na miye tulipita mu maneno moja, hata hakupumua katikati. Nilisimama nikakataa ile ya kuolewa. Ile ya gari, hakuna muntu aliniuliza. Aliweka funguo mu mufuko yake, ikaisha.

Ile kamionete, Baba Numbi. Tangu uliacha kazi ku kampani, njo ilitulisha. Ulikuwaka unapakia unga na makala, miye pembeni yako, mutoto ku magoti. Ikikufa mu njia, haukuniacha nikae mu kivuli kama mugeni. Ulikuwaka unakamata mukono yangu, unaiweka pa chuma, unasema: "Gusa kwanza. Kisha useme." Bantu balikuwa banacheka. Bwana gani anafundisha bibi yake motere? Ulibaacha bacheke.

Bon. Yaya alitafuta shofere ya kuiendesha, akamutuma Likasi na mizigo. Habakufika hata nusu ya njia. Sindano ya joto ilipanda mpaka ku nyekundu, moshi ya mayi ikajaa, ikabidi lori ibavute na kamba mpaka hapa. Balingoja ipoe, bakaongeza mayi, bakarudia mu njia. Ikachemuka tena. Shofere akasema hataigusa tena, hata bafanye nini.

Njo Yaya alienda kuona muntu moja ya kupiga ramli, siyui nani, mu Kampemba. Alirudia na jibu. Eti weye haupendezwe. Eti umekasirika juu nilikataa ndugu yako, na hasira yako njo iko mu motere. Siku ya Mungu, misa ikiisha, jamaa yote ikiwa hapa, nipige magoti mbele ya kamionete, nikuombe musamaha. Kisha itapoa.

Sikukasirika juu ya magoti. Ulipokuwa mugonjwa nilipiga magoti pembeni ya kitanda yako kila siku, nikikuosha, na ilikuwa kazi yangu. Nilikasirika juu ya jina yako. Weye haukunipigaka hata kofi. Na sasa banataka batoto yako bajue kama baba yabo alikufa, akageuka muntu ya kuchoma bengine? Hapana. Ile sitaiacha ipite.

Nilimuambia Yaya mbele ya bote: "Muniachie gari mpaka ile siku. Kama ni yeye, nitapiga magoti. Kama ni chuma, gari inabakia kwa batoto yake." Alicheka. Lakini dada yenu mukubwa, Mama Mwamba, alisema basi bamuache bibi aangalie, gari imekufa tayari, ataiharibu namna gani tena? Njo vile balinipa funguo.

Nilianza asubui, motere ikiwa baridi. Nilifunga kitambaa ku kichwa, nikafungua kapo, kile kifuniko ya motere. Harufu yako ilikuwa ingali mule, ile ya mafuta na tumbako. Nililia kidogo. Kisha nikagusa.

Radiatere ilikuwa imejaa mayi, na juu ya mayi hapakuwa na mafuta. Nilitosha inje ile fimbo ya kupimia mafuta: nyeusi, haikuwa nyeupe kama maziwa. Nikapumua, juu ulinifundisha kama mayi na mafuta vikichanganyika, kichwa ya motere imeungua, na ile hatungeweza kutengeneza. Nilifinya na kidole gumba mukaba yenye inazungusha pompi ya mayi, ilikuwa imekaza. Hakuna mahali mayi ilikuwa inatoka.

Basi nikaiwasha, nikaiacha inanguruma. Sindano ikaanza kupanda. Ilipokaribia nyekundu niliweka mukono ku ile tiyo ya juu, yenye inaleta mayi ya moto ku radiatere ipoe. Ilikuwa baridi. Nikagusa radiatere yenyewe. Baridi. Na motere pale pembeni ilikuwa inawaka kama mbabula ya makala.

Nilizima, nikasimama pale, nikasema kwa sauti, kama vile unanisikia: mayi iko inafungiwa ndani. Inapata moto lakini haipate njia ya kwenda kupoa. Kama radiatere njo ilikuwa imeziba, ile tiyo ya juu ingenichoma mukono. Kumbe mulango njo imefungwa, kale kachuma kadogo kenye kanafunguka mayi ikipata moto. Termosta.

Nilingoja ipoe kabisa. Nilifungua na funguo zako za kazi, nikakatosha inje. Kalikuwa na kutu kila upande.

Ningeweza kuitupa na kunyamaza. Lakini nilitaka baone. Nilienda kwa Mzee Banza, yenye garaje pale ku kona, akanipa ingine yenye ilikuwa ingali muzima, ya gari yenye iliangukaka. Siku ya Mungu, jamaa ilipofika yote, habakukuta miye ku magoti. Balikuta mbabula inawaka inje mu lupango, sufuria ya mayi juu, na bile byuma bibili bimefungwa na uzi, binaning'inia ndani ya mayi.

Nilibaambia baangalie. Mayi ilianza kutoa moshi, kisha ikachemuka. Ile ya Mzee Banza ilifunguka pole pole, kila muntu aliona. Ile yetu ilibakia imefungwa. Mayi inaruka, sufuria inapiga kelele, yenyewe imefungwa tu. Numbi alikuwa pembeni yangu, nikamuambia aangalie muzuri, juu ni jina ya baba yake iko mu ile sufuria.

Na sababu yake nilibaambia pia. Ulipolala mu kitanda ile miezi yote, gari ililala mu lupango. Hakuna muntu aliitembeza. Mayi ilikaa ndani, kutu ikakula. Njo vile tu. Ulikuwa mugonjwa, haukuwa na hasira.

Yaya Kasongo aliinama juu ya sufuria wakati murefu. Kisha alisema: "Hata kama ni chuma, uko bibi ya kwetu."

Nikamujibu: "Nilikuwa bibi yake. Yeye alikufa, Yaya. Miye sikukufa."

Mama Mwamba njo alifungua mukono mbele ya Yaya, juu asubui Yaya alikuwa ameninyang'anya tena funguo ya gari, na akangoja. Alingoja mpaka Yaya akaiweka mule. Kisha Mama Mwamba akanipa, bila kuniangalia mu macho.

Yaya alipanda lori ya Mitwaba kesho yake. Hakuaga batoto. Ninasikia kule habataki hata jina yangu isemwe. Ile iko inaniuma, Baba Numbi, sitaificha. Batoto yako bamepoteza kwao, na balikuwa bamekupoteza weye tayari. Lakini kama ningepiga magoti, bangekupoteza mara ya pili.

Sasa niko ninaendesha. Niliweka ile termosta ya Mzee Banza, na sindano inasimama pale pale ulipoipenda. Ku soko banawake banapiga vigelegele, banaume banageuza shingo. Ku bariyere ya njia, basoda ya bunduki baliniuliza gari ni ya nani. Nilisema ni yangu. Bakauliza bwana iko wapi. Nilisema ni yangu.

Lala muzuri, bwana yangu. Haukutuachia hasira, na miye siogope jina yako.

Ninakuahidi hii: jua ikikausha njia, nitapakia batoto, nitaendesha mpaka Mitwaba. Nitasimama mbele ya nyumba ya Yaya Kasongo, nitashuka, nitamusalimia kwanza juu yeye njo mukubwa. Akikataa kuitika, nitamusalimia tena.

Mama Numbi