Reli Iliyoishia Kabla ya Mpui

Mjomba, shikamoo.

Sijui kama huko uliko salamu zinafika, ila ulikuwa mkali kwa mtu anayetanguliza shida kabla ya kusalimia, kwa hiyo zipokee. Mkeo hajambo. Mahindi ya Pito yamekubali mwaka huu, na ulezi haukuwa haba. Haya, sasa shida yangu. Naogopa.

Nimefunga kazi. Jumatatu nilipanda kigoda nikakishusha kile kibao ulichokiandika kwa mkono wako, kwamba hapa tunatengeneza treni za mfano kwa oda. Nimekiegemeza nyuma ya mlango, kimegeukia ukuta, maana sikuweza kukitazama. Wateja nimewaambia mmoja mmoja. Yule mama wa Mbeya anayefanya kazi ofisi za serikali, aliyehamia Izia, alikuja mwenyewe. "Kwa hiyo dada, ndiyo basi tena? Na wewe kijana hivyo?" Nikacheka tu. Nikamwambia nimechoka kutengeneza za watu, nataka kuchezea yangu. Akaniona mtu wa ajabu, mama mzima wa miaka hamsini na mbili.

Nilichomwambia ni kweli, ila ni nusu. Wewe nakupa nusu ya pili. Kidole gumba cha mkono wa kulia kimeanza. Unajua ninachosema. Kinaruka chenyewe nikishika pasi ya kuchomelea, kama chako kilivyoanza, na risasi iliyoyeyuka inadondokea pasipotakiwa. Wewe ulianza na gumba. Baadaye kiganja, halafu kijiko cha uji kikawa hakifiki mdomoni. Zahanati wameniambia huenda ni uchovu, nirudi baada ya mwezi. Mwezi umepita na sijarudi. Nikirudi wataniambia.

Miaka yote hii mkono wangu umefanya kazi ya watu. Mstaafu wa reli anataka kichwa cha treni alichokiendesha, namba ileile ubavuni. Mwenye duka anataka mabehewa saba na jina lake kwenye kila behewa. Bwana harusi mmoja alitaka treni ya dhahabu ya kuzunguka keki, unamkumbuka, ulimwita mpumbavu akiwa bado mlangoni! Tulikula kwa kazi hiyo, siikufuru. Lakini kila oda ilipoingia ulisema, "Tumalizie hii ya watu, kisha turudi kwenye yetu." Nilikuamini. Naona hata wewe uliyaamini maneno yako.

Yetu ilikuwa ile meza ya chumba cha nyuma. Sumbawanga haina reli, basi tukaijenga wenyewe. Reli za spoku za baiskeli, mataruma ya mianzi, kokoto za punje za ulezi tulizozigandisha kwa gundi. Stesheni ya Izia, stesheni ya Pito, halafu Mpui, mwisho wa safari. Mpui hatukufika. Kibao cha stesheni kimesimama peke yake ukingoni mwa meza, na reli imekatika mkono mmoja kabla yake.

Na kile kichwa cha kwanza! Tulipanda lori hadi Mpanda kwenda kuona treni kwa macho. Ukapima urefu wake kwa kamba ya katani na kimo chake kwa mti, mlinzi akitufokea, wewe ukimjibu kwa Kifipa ili asielewe. Kurudi tukanyeshewa njia nzima. Asubuhi yake ukaikunja kamba nusu kwa nusu mara sita, mti ukaugawa vilevile, tukakata bati. Tulichotoa kilikuwa kifupi kwenda mbele na kirefu kwenda juu, kama nguruwe aliyeshiba. Kamba ilikuwa imelowa ikanywea, mti haukunywea. Ulicheka hadi ukakaa chini. Ukasema, "Usikiguse. Hiki ndicho cha Ufipa."

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Wiki yako ya mwisho uliniambia, "Niletee kile kifupi, nikione kikitembea." Nilikuwa na oda mkononi, mabehewa ya yule mwenye duka, rangi haijakauka. Nikasema, "Kesho, Mjomba." Ukasema sawa. Kesho yake nilikuletea sanda.

Tangu siku hiyo sijaifunua ile meza. Turubai ulilofunikia wewe limekaa vilevile. Nilijificha kwenye oda, nikizipokea hata zile ambazo wewe ungezifukuza, ili nisipate nafasi ya kuingia chumba cha nyuma. Nilipofunga kazi ndipo nikaona nimebaki na mlango ule mmoja. Niliogopa kwamba umekasirika. Niliogopa pia kwamba nitafunua, nitatazama, na sitasikia chochote moyoni, kwamba raha yenyewe nimeiuza kipande kwa kipande.

Jumapili nilitoka misa ya kwanza, sikubadili hata nguo, nikaingia na kulivuta turubai.

Mjomba, panya wamekula stesheni ya Pito yote. Hakuna hata kokoto moja. Wameacha gundi! Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikaenda kutafuta betri ya pikipiki.

Nilikiweka kile kifupi relini Izia. Gumba liliruka mara tatu kabla sijaunganisha waya. Ile mota tuliyoing'oa kwenye redio ya kaseti ikakoroma, nikadhani imekufa, kisha kikaondoka. Kikapita Pito iliyoliwa, kikitikisika na tumbo lake lile. Nilisema kwa sauti, "Kione, Mjomba." Hofu haikunitoka hata hapo. Nilikitazama nikakumbuka kwamba mbele hakuna reli, na kuzima nimechelewa. Kikafika mwisho wa reli, kikateleza juu ya ubao, kikaruka ukingoni mwa meza.

Nilikidaka. Kwa mkono wa kulia, huu huu. Ulikuwa unatetemeka na ukadaka.

Basi nakuahidi. Kesho nakwenda zahanati, nisikie nitakaloambiwa. Na kila Jumapili baada ya misa nitairefusha reli kwa upana wa kidole kimoja, sitazidisha, hata ikipinda. Nimehesabu, sina hakika kama mkono utafika Mpui kabla haujaniacha. Naogopa sana, sikufichi. Lakini sitasema tena kesho kwa kitu chetu.

Lala pema, Mjomba. Ukiona reli imepinda, usinicheke peke yako.

Mpwa wako,
Leokadia